Nafasi Tuliyomwachia Mwenzetu

Siku nilipomwambia mratibu wetu kwamba ninaacha kazi, aliniuliza mambo mawili: nitaondoka lini, na nani atashika mahali pangu kwenye mstari. La kwanza nililijibu papo hapo. La pili sikuwa na jibu lake, na yeye mwenyewe hakuonekana kulitegemea. Akaanza kuzungumzia mafuta ya gari.

Mtandao wetu wa michezo ulikuwa na ofisi katika nyumba ya kupanga Kalangalala, mjini Geita, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Haukuwa wa kutafuta faida. Tuliendesha ligi za mpira wa miguu na za netiboli kwa vijana walioacha shule mapema, katika vijiji vya Geita na kuvuka hadi Msalala, upande wa Bugarama. Wafadhili walipenda kusema kwamba tunawatoa vijana mashimoni. Sisi wenyewe sentensi hiyo tuliitumia kwa uangalifu, kwa sababu tulijua viwanja vyetu vilikotoka.

Huku kwetu, ukiona eneo tambarare lisilo na pamba, lisilo na mahindi wala mgogoro, jiulize kwa nini. Mara nyingi jibu liko chini. Uvumi wa dhahabu ukitokea, rashi inaingia: watu wanamiminika, vibanda vya turubai vinaota, na kila kikundi kinachimba duara lake, shimo jembamba linaloshuka wima kama kisima. Dhahabu ikikata, watu wanaufuata uvumi mwingine. Maduara yanafunikwa kwa miti na matawi ya miiba, juu yake kinamwagwa kifusi, mvua inaleta udongo, nyasi zinaota. Miaka ikipita, ng'ombe wanalishwa pale. Kisha kijiji kinasimamisha magoli, kwa sababu ni mahali pazuri na hapana mwenyewe.

Ndiyo maana tulikuwa tukipiga mstari. Kabla ya kila mechi, wachezaji wakiwa bado nje, sisi wa ofisi pamoja na makocha wa kijiji tulijipanga kutoka kona hadi katikati ya uwanja, kila mmoja ameshika mpini wa jembe usio na jembe. Tulitembea taratibu kuelekea goli la pili, tukigonga ardhi mbele ya kila hatua, kisha tukarudi na nusu iliyobaki. Ardhi iliyoshiba hujibu kwa sauti fupi na kavu. Ardhi yenye uwazi chini yake huchelewa kidogo, kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Nimesoma vitabu vingi vya waamuzi na vya utunzaji wa viwanja, vyote nilivyovikuta kwa wauza vitabu vikuukuu Shinyanga mjini, na hakuna hata kimoja kinachofundisha hilo. Tulijifunza kwa wachimbaji, na sikio likazoea.

Tulipofika mwisho tulisimama, na kila mmoja kwa zamu yake, kuanzia pembeni, alitamka neno moja: "Pagumu." Mwenye shaka alisema "Sijui," na mechi ikasubiri. Hakuna aliyechekwa kwa kusema sijui.

Kila mtu alikuwa na mahali pake. Hatukukaa kikao kupanga. Ilitokea tu, kama watu wanavyozoea viti vyao kanisani. Pembeni kabisa alikuwa dereva wetu. Akafuata kocha wa netiboli, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Akafuata kocha wa mpira wa miguu. Nikafuata mimi, kisha mratibu akiwapo, kisha watu wa kijiji.

Kocha wa mpira wa miguu ndiye tuliyemzika.

Ilikuwa kwenye uwanja mpya, katika kijiji ambacho sitakitaja. Asubuhi ile kocha wa netiboli alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, akabaki garini. Mwenzetu akasema si neno, atashika mahali pa dada na pake pia. Alitembea akiyumba huku na huku ili mpini wake ufike pande zote mbili, na dereva akamtania kwamba anacheza ngoma bila kulipwa. Nilikuwa jirani yake. Nilimsikia akigonga, nikasikia ardhi ikichelewa kujibu, na kabla sijageuza kichwa hapakuwa na mtu. Hakupiga kelele. Kilichoonekana ni vumbi, likipanda taratibu kutoka kwenye tundu lisilozidi upana wa mlango wa choo.

Wachimbaji wa jirani walishuka kwa kamba, wakamtoa kabla ya jua kuzama. Alikuwa amekwisha. Tulimpeleka kwao Bukombe, wazee wakazungumza Kisumbwa kaburini, nasi Wasukuma tukaelewa nusu yake na nusu nyingine tukaikisia.

Tulipojipanga tena kwa mara ya kwanza baada ya msiba, hakuna aliyetoa amri. Dereva alisimama pembeni. Kocha wa netiboli akasimama mahali pake. Nami nikasimama mahali pangu, si karibu naye, bali pale pale nilipokuwa nikisimama siku zote. Kati yetu ikabaki nafasi ya mtu. Tukatembea. Tulipofika mwisho dereva akasema pagumu, kocha wa netiboli akasema pagumu, kisha kikaja kimya. Kimya kile kilikuwa na urefu wake. Marehemu alikuwa na tabia ya kulivuta lile neno, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, na sote tukasubiri urefu ule ule. Kisha nikatamka la kwangu.

Tukaendelea hivyo. Misimu ikapita. Makocha wa vijiji walikuwa wakituona, wakauliza mara moja pembeni, wakaambiwa, na hawakuuliza tena. Kuna kijiji ambako mzee mmoja alivua kofia kila nafasi ile ilipompita. Tulijiona tumemtendea mwenzetu haki, na nadhani jambo hilo lilitushikamanisha kuliko semina zote tulizopelekwa.

Mimi si mtu wa mizimu. Nilikulia katika nyumba ambamo mama alikwenda kanisani na bibi aliwamwagia wahenga pombe mlangoni, na mapema nikaamua kusema nilichokiona tu. Nilichokiona ni hiki. Tulipotembea, mipini yetu ilikuwa na mpangilio: dereva, kocha wa netiboli, marehemu, mimi. Baada ya kifo chake mpangilio haukubadilika. Kocha wa netiboli aligonga, ikapita nafasi ya pigo moja, ndipo nikagonga. Pigo la katikati halikuwapo, lakini hatua zetu zilitembea nalo. Kuna asubuhi, hasa upepo ulipotoka nyuma yetu, ambazo nisingeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba sikulisikia.

Sababu ya kuondoka kwangu haikuwa hiyo. Mama yangu anaishi karibu na Kolandoto, upande wa Shinyanga, na macho yake yamefifia. Hospitalini walizuia kilichoweza kuzuilika. Ameanza kupapasa ukuta anapokwenda jikoni, na kati ya watoto wake ni mimi peke yangu ninayeweza kurudi. Niliwaeleza wenzangu hivyo, nao wakaelewa. Dereva alisema mtandao utapata hasara ya mtu anayepima lango kila wiki kana kwamba miti ya goli hukua.

"Mzee wa vipimo," aliniambia, "wewe hata peponi utaomba kwanza futi kamba, upime mlango kabla hujaingia."

Mrithi wangu alitoka Dodoma. Alikuwa mwanamke kijana mwenye stashahada ya michezo, mtulivu, mwepesi wa kujifunza, na mwingi wa heshima. Aliniamkia kila alipokutana nami, hata kama tulikuwa tumeachana mlangoni muda mfupi tu uliopita. Dereva hakuweza kuvumilia.

"Mama, umeshamwamkia asubuhi," alimwambia. "Shikamoo siyo dawa ya kutwa mara tatu."

Yeye akacheka, na baada ya chakula cha mchana akaniamkia tena.

Nilimfundisha kila kitu kwa utaratibu. Nilimwonyesha jinsi ya kuzungumza na watendaji wa vijiji, jinsi ya kutambua magwangala, yaani yale mawe ya mabaki ya mgodini ambayo watu huyajazia viwanja, jinsi ya kusoma nyasi, maana nyasi zilizoota juu ya kifusi hukauka mapema kuliko nyingine. Kuhusu nafasi ya marehemu sikumwambia kitu. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida mno kulisema, kama vile usivyomweleza mgeni kwamba mlango hufunguliwa.

Mara yake ya kwanza kupiga mstari ilikuwa upande wa Bugarama, asubuhi yenye mawingu. Nilimwambia akae karibu nami aone. Tulipojipanga alitazama, akaona kati yangu na kocha wa netiboli pana nafasi ya mtu, akaingia. Mtu yeyote angeingia hapo.

Kocha wa netiboli alimshika mkono juu ya kiwiko, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Toka hapo, mayu. Hapo pana mtu."

Mrithi wangu alitazama huku na huku. Akatabasamu, akidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Alipoona hakuna anayecheka, hata dereva, tabasamu likamtoka taratibu. Akarudi nyuma, akatufuata akiwa peke yake, mpini mkononi, bila kugonga.

Tulifika mwisho. Dereva akatamka, kocha wa netiboli akatamka, tukasubiri, nikatamka, na wengine wakafuata. Uwanja ukawa umepita. Wachezaji wakaanza kuingia. Hapo mrithi wangu akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu yake yote:

"Samahani, baba. Pale katikati, nani amegonga?"

Niligeuka nikatazama tulikopita. Hakuna aliyegonga. Kwenye kila uwanja tuliousema ni mgumu tangu msiba ule, kulikuwa na kichochoro kutoka goli hadi goli ambacho mpini haukukigusa, kwenda na kurudi. Mabinti na vijana wa vijiji vyote wamekimbia juu yake, wameanguka juu yake, wameshangilia juu yake. Tulikilinda kichochoro kile kwa heshima. Na hatukukitenga kwa sababu nyingine yoyote ila kwamba mwenzetu alikufa kwa kugonga ardhi.

Nilimwomba mwamuzi awatoe wachezaji. Akauliza kuna nini, nikasema nimesahau sehemu. Nikarudi peke yangu nikakigonga kichochoro chote, kwenda na kurudi, uwanja mzima ukinitazama. Kilikuwa kigumu. Kocha wa netiboli hakutazama. Alikwenda akakaa garini, mlango umefungwa, na jua lilikuwa limeshatoka.

Kesho yake nilimkuta nyuma ya ofisi akiosha mipira bombani. Nilimwamkia, akaitika bila kugeuka. Alisema anajua nimekuja kusema nini, na kwamba mimi ni mtu wa ajabu, naondoka zangu na bado nataka kupanga nyumba ya watu. Nilimwambia anavyoona ni sawa, lakini wachezaji ni wetu sote. Akasema basi wao wawili, yeye na huyo mgeni, watakuwa wanarefusha mikono, kila mmoja agonge kwake na kidogo kwa jirani, nafasi ibaki na ardhi iguswe.

Nilimwambia hivyo ndivyo alivyofanya marehemu siku ile.

Alifunga bomba.

"Alikufa mahali pangu, kaka. Watu wote wanasema mahali pa marehemu, mahali pa marehemu. Lile tundu lilikuwa kwenye njia yangu mimi. Mguu wangu ulikuwa mzima siku ya tatu tu."

Nilisema sijawahi kumlaumu, wala mtu mwingine yeyote.

"Sijasema mmenilaumu. Nasema nikiiziba ile nafasi nitakuwa nimemzika mara ya pili, tena safari hii kwa mguu wangu."

Aliokota mpira akaanza kuufuta kwa khanga yake, ingawa kitambaa kilikuwa kimetundikwa karibu yake. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wakati mwingine marehemu humchokoza wakitembea, humkanyagia kivuli kama alivyozoea kufanya. Akaniuliza kama mimi sijawahi kusikia kitu. Nilimjibu kwamba sijui. Ndilo neno letu la uwanjani, na alilielewa.

Nilikwenda kwa mratibu. Ni kijana wa Mwanza, msikivu, mdogo kwangu kwa umri. Alikiri hatari ipo, lakini akasema yeye hawezi kumwamuru mtu juu ya msiba. Alisema mambo ya msiba hayaandikiwi waraka. Aliniambia mimi ndiye niliyetembea upande wa pili wa nafasi ile, kwa hiyo kama kuna mtu wa kuifunga, ni mimi na dada. Mimi nilikuwa nimebakiza mechi moja. Baada yake ningekuwa Kolandoto, nikisubiri kusikia redioni kwamba ardhi imemeza mchezaji.

Mechi hiyo ya mwisho waliifanya ya kuniaga. Waliichagulia kijiji cha karibu na mji ambako niliwahi kuchimbia magoli kwa mikono yangu, mechi ya wasichana, majirani wa siku nyingi. Akina mama walipika pilau kwenye masufuria makubwa. Mratibu alitoa hotuba akanisifia mambo ambayo baadhi yake yaliwahi kumuudhi. Wakanipa redio ndogo na vitenge viwili vya mama yangu, na kocha wa netiboli ndiye aliyenifunga kimoja mabegani kama ilivyo desturi, akanipigia kigelegele kifupi, cha mtu anayetimiza wajibu. Dereva akatangaza kwamba redio ile nimeshaipima, imezidi upana.

Walinitaka niseme neno. Niliwashukuru. Kisha nikasema nina ombi moja, nalo ni kwamba leo mstari uwe mmoja, usiwe na mlango. Sikueleza zaidi. Wanakijiji hawakuelewa, wakapiga makofi. Wenzangu walielewa, hawakupiga. Kocha wa netiboli alikuwa akikunja jezi, akaendelea kuzikunja.

Nilipoinuka kuchukua mpini, mratibu alinizuia kwa mkono kifuani. Alisema leo mimi ni mgeni rasmi, mgeni rasmi hapigi mstari. Wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, wakanipa soda. Wakaenda kujipanga.

Dereva alisimama pembeni. Kocha wa netiboli akafuata. Kisha ikaja nafasi ya marehemu. Kisha ikaja nafasi nyingine.

Nilidhani kwanza wanamsubiri mrithi wangu. Lakini yeye alikuwa amesimama mbali, katikati ya wanakijiji, akiangalia chini kama mtu aliyeonywa. Mratibu alikuwa mahali pake pa siku zote. Walikuwa wameniachia nafasi. Hakuna aliyewaambia, walikuwa wamefanya kwa mapenzi yale yale waliyomfanyia mwenzetu. Niliwatazama wakirekebisha umbali, dereva akisogea kidogo, mratibu akirudi kidogo, ili mahali pangu pasibanwe. Nilikuwa hai, nimeketi, soda mkononi, kitenge mabegani, nikitazama pengo langu likipewa heshima zake.

Wakaanza kutembea. Dereva akagonga, kocha wa netiboli akagonga, kikapita kimya cha mapigo mawili, mratibu akagonga. Masikio yangu yalitafuta pigo la marehemu kwa mazoea, na baada yake yakatafuta la kwangu. Nafasi zile mbili zikiwa pamoja zilikuwa pana kama barabara ya ng'ombe.

Niliinuka nikatembea kando ya mstari wa pembeni, sambamba nao, hadi nikamfikia dereva, na kando yake kocha wa netiboli. Akaniona. Hakusimama.

"Dada," nikamwambia, "pale karibu yako nani yupo?"

"Unajua aliyepo."

"Na anayefuata?"

Akageuza kichwa kutazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa akiitazama nafasi badala ya kuihisi. Alitazama pale nilipopaswa kuwa. Akanitazama mimi, nimesimama upande wa pili na viatu vyangu vya vumbi. Akatazama tena kule. Mpini wake ukabaki hewani.

"Mimi niko hapa," nikasema. "Kule kwangu hapana mtu, dada. Naona kwa macho yangu. Hapana mtu."

Mstari mzima ulisimama. Upande wa wachezaji kuna aliyecheka, akanyamazishwa. Dereva alikaza macho nchani mwa mpini wake. Kocha wa netiboli alisimama muda ambao sikuupima. Kisha akainua mkono, akamwita mrithi wangu kwa ishara, kiganja chini, kama tunavyoita mtu tunayemheshimu.

"Njoo, mayu. Shika pa mzee."

Mrithi wangu akaja akashika. Ikabaki ile nafasi moja, ya zamani. Kocha wa netiboli aliitazama, midomo yake ikasema kitu ambacho sikukisikia, akavuta hatua moja ya pembeni, akawa ndani yake. Dereva akasogea mahali alipotoka. Mwanakijiji mmoja akaja kushika pembeni. Mlango ukafungwa.

Mratibu alitaka waendelee pale pale walipofika. Ni yeye, kocha wa netiboli, aliyekataa. Alisema nyuma kuna ardhi ambayo haijaguswa, warudi mwanzo. Wakarudi hadi golini wakaanza upya, kwenda na kurudi, na mipini ikagonga mfululizo, pigo likifuatana na pigo bila mahali pa kupumua. Sauti ile ilikuwa ngeni. Ilikuwa ya watu wengine, wa shughuli nyingine, na mimi sikuwa na mahali ndani yake. Ndicho nilichokuwa nimekiomba, na nilikaa kwenye kiti nikijaribu kukizoea. Ardhi yote ilikuwa ngumu.

Mechi ilipoanza, kocha wa netiboli alikuja akakaa kwenye nyasi karibu na kiti changu. Nilimpa soda yangu, hakuipokea.

"Nilidhani nitamkuta," alisema. "Niliingia taratibu, kama unavyoingia chumba chenye mgonjwa. Nikasema, samahani kaka, nisogezee. Hapakuwa na mtu. Nimetembea kwenda, nimetembea kurudi. Hapakuwa na mtu kabisa."

Akaanza kulia. Kule Bukombe hakulia. Alikuwa na kifundo kilichofungwa bendeji na uso mkavu, na watu walimsifu kwa ujasiri wake. Sasa alilia kama mtu aliyepigiwa simu asubuhi ile ile. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumshawishi, bila hata moja la baada ya hapo. Nilifikiri nikiifunga ile nafasi nitampunguzia mzigo. Nilichofanya ni kumletea habari ya msiba. Ningejua, ningeomba vile vile, lakini ningemwomba nikiwa nimemkalia karibu.

Uwanjani mpira ulirushwa kuelekea kona ya mbali. Msichana mmoja wa ulinzi aliukimbilia, akateleza, akaanguka kwa uzito wote kifudifudi, na hakuinuka mara moja. Kocha wa netiboli alikata kilio katikati ya pumzi. Tulijikuta tumesimama wote wawili, kitenge kimeniteleza mabegani. Dereva, kule upande wa pili, naye alikuwa amesimama. Mrithi wangu alikuwa ameshaanza kukimbia.

Msichana alijigeuza, akaketi, akajipangusa magoti, akamgeukia mwamuzi akidai amesukumwa. Mwamuzi akakataa. Watazamaji wakamzomea msichana, kisha wakamzomea mwamuzi, na mpira ukaendelea.

Sisi tulibaki tunatazama nyasi pale alipolala, zikiinuka moja moja. Kocha wa netiboli alinishika mkono juu ya kiwiko, akaukaza. Hatukuketi tena hadi filimbi ya mwisho.